Ada ya Fundi Cherehani na Kadi ya Harusi

Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 2025, na miezi michache baadaye ikalifunga shirika la USAID, ni vigumu kukuta kikao cha asasi za kiraia katika jiji hili la Dar es Salaam ambacho hakikujadili, kwa simanzi ama kwa hasira, fedha zitatoka wapi sasa. Aghalabu jibu huwa kwamba atafutwe mfadhili mwingine, wa Ulaya ikiwezekana, wa Ghuba au wa Uchina ikishindikana. Na ni nadra mno kumsikia mtu akiuliza kama hao wanaohudumiwa na asasi zenyewe waliwahi kuombwa japo shilingi elfu moja. Mimi ni mkazi wa Madale, pembezoni mwa Kinondoni, ambako aghalabu njia za mitaani hutiwa kifusi kwa michango ya majirani kabla greda la halmashauri halijaonekana, na kwa sababu hiyo jibu hilo huniajabisha. Namwomba msomaji aniwie radhi nikimrudisha nyuma miaka 70 hivi, katika habari ambayo wazee wachache waliosalia wa vyama vya wafanyakazi bado wanaikumbuka na vijana wetu hawajapata kuisikia: habari za fedha walizochanga wafanyakazi wa Kiyahudi wa mrengo wa kushoto, New York na kwingineko, baada ya Vita Kuu ya Pili, na jinsi mkono wao ulivyonyooka hata ukafika Nairobi na hapa kwetu.

Chanzo cha mambo hayo kilikuwa katika dola la Urusi ya kifalme, ambako mwaka 1897, katika mji wa Vilna, wafanyakazi wa Kiyahudi waliunda chama cha kijamaa kilichoitwa Bund, chama kilichoamini kwamba Myahudi maskini apiganie haki yake papo hapo alipozaliwa, pamoja na maskini wenzake wa kila taifa. Wengi wa vijana wa chama hicho walifungwa, wengine wakapelekwa Siberia, na waliookoka wakavuka bahari. Mmoja wao alikuwa David Dubinsky, kijana wa tanuri la mikate kutoka mji wa Łódź, aliyetoroka uhamishoni Siberia na kutua New York mwaka 1911, mwaka ule ule ambao kiwanda cha nguo cha Triangle kiliteketea katika mji huo huku milango yake ikiwa imefungwa kwa ufunguo, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na wa Kitaliano. Dubinsky akawa mkata nguo; na kuanzia mwaka 1932 hadi 1966 alikuwa rais wa chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake, kijulikanacho kwa herufi ILGWU, ambacho kwa wingi wa wanachama, nidhamu ya hazina na ukali wa midomo kilikuwa miongoni mwa vyama mashuhuri kabisa Amerika.

Hitler alipotwaa madaraka, watu hao hawakungoja serikali yao iamke. Mwaka 1934 waliunda Kamati ya Kazi ya Kiyahudi, iliyochanga fedha kutoka vyama vya cherehani, vya kofia na vya mikate, ikawaombea hati za kuingia Marekani viongozi wa kijamaa wa Ulaya walionaswa Ufaransa baada ya nchi hiyo kuanguka mwaka 1940, wawe Wayahudi au wasiwe. Vita vilipokwisha, na ilipobainika kwamba Wayahudi milioni 6 wameuawa, kamati hiyo iligeukia mabaki: mayatima waliotunzwa katika nyumba za watoto huko Ufaransa, na wakimbizi wasio na nchi ya kurudia. Mwaka 1947 masalia wa Bund, waliopoteza karibu kila kitu kilichokuwa chao nchini Poland, walikutana Brussels wakajipanga upya kama jumuiya ya dunia nzima, wenye fedha kidogo na maneno mengi, kama ilivyo ada ya wajamaa.

Hao walikuwa upande mmoja wa kushoto ya Kiyahudi. Upande wa pili, ambao ndio ulioshinda, ulikuwa wa wale waliotaka kuijenga jamii ya wafanyakazi huko Palestina, na chombo chao kikuu kilikuwa Histadrut, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoasisiwa Haifa mnamo Desemba 1920, lililokuwa na hospitali zake, benki yake, maduka yake ya ushirika na kampuni yake ya ujenzi, Solel Boneh. Tangu miaka ya 1920 wajumbe wa Histadrut walikuwa wakizunguka katika matawi ya vyama vya Amerika kila msimu wa michango. Na katika wajumbe hao hapana aliyemshinda Golda Meir, mzaliwa wa Kiev aliyelelewa Milwaukee na kupikwa kisiasa katika harakati za wanawake wafanya kazi, ambaye Januari 1948 alikwenda Chicago na miji mingine akarejea na ahadi za takriban dola milioni 50. Mwaka 1951 zikaanza kuuzwa hati za mkopo za dola la Israeli, na vyama vya wafanyakazi vikawa wanunuzi wakubwa. Mwaka 1959 ilifunguliwa hospitali ya Beersheba, katika jangwa la Negev, na chama cha Dubinsky kilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha za kuijenga.

Lililo muhimu kwangu katika habari hizi si ukubwa wa hesabu, maana mabepari wa Kiyahudi walitoa zaidi. Lililo muhimu ni kwamba nyuma ya kila hundi iliyotiwa sahihi na Dubinsky palikuwa na ada ya fundi cherehani, iliyolipwa kwa mkono wake, ikaandikwa katika kijitabu chake, na kujadiliwa katika mkutano wa tawi lake, ambapo mwanamke aliyeshona kola za mashati kutwa nzima alikuwa na haki ya kusimama na kuuliza kwa nini fedha hii ipelekwe Ufaransa ilhali sisi tuna mgomo hapa. Hazina iliyojengwa kwa namna hiyo huwa na uzito ambao fedha ya serikali haina, kwa kuwa anayeitoa anajua ni nini amejinyima.

Wala maarifa hayo si mageni kwetu hata kidogo. Katika dunia nzima sijui watu wanaoijua sanaa ya mchango kutushinda sisi wa pwani na bara la Tanzania. Mtu akitaka kuoa, huundwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina; kadi za mchango husambazwa miezi kadhaa kabla; ahadi huandikwa, na aliyeahidi laki akatoa hamsini hukumbushwa hadharani katika kundi la simu bila ya haya yoyote; vikao hukaa kila wiki, na kila kikao husomewa taarifa ya mapato. Lau mjomba akisahau, shangazi hampi nafasi. Nidhamu hiyo ndiyo ile ile iliyoijenga hospitali ya Beersheba. Tofauti ni kwamba sisi huimaliza yote usiku mmoja ukumbini, pamoja na keki na mshereheshaji, kisha kesho yake tukaandika barua ya kuomba msaada wa madawati.

Nisieleweke kuwa nawasifu watu wale kwa kila walilolitenda. Sehemu kubwa ya fedha aliyokusanya Golda Meir mwaka 1948 ilinunua silaha, na katika vita vya mwaka huo Wapalestina laki saba hivi waliyahama au walifukuzwa kutoka makwao, wasiruhusiwe kurejea hadi leo. Histadrut yenyewe, pamoja na nyimbo zake zote za udugu wa wafanyakazi, haikukubali Mwarabu awe mwanachama kamili mpaka ilipopitisha uamuzi huo mwaka 1959. Mshikamano uliowekewa mpaka wa kabila ni mshikamano wenye dosari, na msomaji wa Zanzibar au wa Tandika aliyekulia akisikia khutba za Palestina ana haki kamili ya kuniuliza kwa nini nautaja. Nautaja kwa sababu ulifika kwetu, na ulipofika ulituachia mambo mawili, la kuigwa na la kuhadharishwa, na sisi tukayachanganya.

Aliyeuleta kwa sura njema hakuwa Myahudi. Alikuwa Maida Springer, mwanamke mweusi aliyezaliwa Panama mwaka 1910 na kukulia Harlem, mshoni wa nguo aliyeingia katika tawi namba 22 la chama cha Dubinsky mwaka 1933 na kulelewa kisiasa na kiongozi wa tawi hilo, Charles Zimmerman, Myahudi aliyekuwa zamani mkomunisti. Katika miaka ya 1950 alifika Afrika Mashariki kwa niaba ya vyama vya Marekani, akafahamiana na Julius Nyerere na Rashidi Kawawa katika siku ambazo TANU ilikuwa bado changa, na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, lililoanzishwa mwaka 1955 Kawawa akiwa katibu mkuu, lilikuwa likipigania uhai mbele ya serikali ya kikoloni. Nchini Kenya, kiongozi wa wafanyakazi Tom Mboya alipozuru Marekani mwaka 1956 alirudi na dola 35,000 za vyama vya wafanyakazi, ambazo zilijenga Solidarity House, makao ya shirikisho la wafanyakazi mjini Nairobi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Maida Springer alihangaika hata kikafunguliwa mjini humo chuo cha kukata na kushona nguo, kwa msaada wa chama chake cha zamani. Fundi wa New York alimfundisha fundi wa Nairobi kazi ambayo wote wawili waliijua, na katika misaada yote niliyosoma habari zake katika eneo hili, huo ndio ninaouona kuwa ulikaribia zaidi maana ya neno udugu.

Sura nyingine ilikuja kwa njia ya serikali. Golda Meir, akiwa sasa waziri wa mambo ya nje, alianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950 idara ya ushirikiano na nchi changa, na mwaka 1960 Histadrut ikafungua Tel Aviv chuo cha elimu ya kazi na ushirika kwa ajili ya Waafrika na Waasia, ambacho vijana wengi wa vyama vyetu walipitia. Tanganyika ilipopata uhuru, wataalamu wa Israeli walikuja kusaidia kuanzisha COSATA mwaka 1962, shirika la kuyauzia kwa jumla maduka ya ushirika, lililokusudiwa kuvunja nguvu za wafanyabiashara wa Kihindi. Na Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963 na ambalo wakazi wa Temeke hulifahamu kwa kambi yake ya Mgulani, lilipata mengi kutokana na mfano wa vikosi vya vijana wa Israeli walioshika jembe na bunduki kwa pamoja. Wasanifu wa nchi hiyo walichora hoteli ya Kilimanjaro iliyo mbele ya bandari. Vyote hivyo vilipendeza machoni; lakini angalia vilivyojengwa. Duka la ushirika la Histadrut lilianza na wanunuzi waliokuwa wanachama wenye hisa na kelele zao. COSATA ilianza na mameneja, na wanachama wakatafutwa baadaye. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kuyataifisha makampuni ya biashara ya nje, ilimezwa na Shirika la Biashara la Taifa, na sikumbuki kusoma mahali popote kwamba wanunuzi waliandamana kuitetea.

Hali ya vyama vya wafanyakazi ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi kadhaa wa vyama waliwekwa kizuizini, shirikisho likavunjwa, na ikaundwa NUTA, chama kimoja cha nchi nzima, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais na ada yake ilikatwa katika mshahara kabla mfanyakazi hajaugusa. NUTA nayo ikaunda shirika lake la uchumi, na yeyote aliyepata kusoma habari za Histadrut hatakosa kuona mfanano. Lakini ada inayokatwa bila kuulizwa ni kodi tu. Mlipaji hana sababu ya kudai hesabu, na kiongozi hana sababu ya kuitoa. Majina yalibadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, kisha vyama vingi chini ya TUCTA, ila tabia hiyo ya mfanyakazi kuiona karatasi ya mshahara imepungua bila kujua chama chake kimefanya nini haijatoka hadi leo.

Kisha kuna suala la mkono uliofichwa. Chuo cha Tel Aviv hakikuendeshwa kwa fedha ya Israeli peke yake: vyama vya Marekani vililipia wanafunzi wengi, na idara ya mambo ya nje ya shirikisho la Marekani ilikuwa chini ya ushawishi wa Jay Lovestone, Myahudi aliyezaliwa katika dola la Urusi, aliyekuwa kiongozi wa Wakomunisti wa Amerika katika miaka ya 1920 na baadaye adui wao mkubwa kuliko wote. Mwaka 1967 afisa wa zamani wa shirika la ujasusi la Marekani alikiri hadharani katika jarida kwamba shirika hilo lilikuwa likimpa Lovestone na wenzake fedha. Kwa hiyo mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyepewa tiketi na kitabu hakuweza kujua kama mwenye kumkirimu alikuwa ni mshoni wa Manhattan au ni ofisi isiyo na anwani. Siamini kwamba Maida Springer alikuja kupeleleza; maisha yake yanamtetea. Lakini ihsani ambayo asili yake haisemwi humchafua hata aliyeibeba kwa ikhlasi, na ndiyo maana waliomwonea shaka hawakuwa wapumbavu.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo Dar es Salaam ilikuwa ikiwapokea Wayahudi wengine wa kushoto, wasiotaka hata kukaa chumba kimoja na akina Lovestone: Wakomunisti wa Afrika Kusini waliofukuzwa na Makaburu, kama Ronnie Kasrils, aliyeishi hapa mwanzoni mwa uhamisho wake, na Joe Slovo, mzaliwa wa Lithuania aliyehudhuria mkutano wa ANC wa Morogoro mwaka 1969. Ruth First, mke wake, alifundisha kwa muda pale Chuo Kikuu, Mlimani, katikati ya miaka ya 1970, kabla ya kuuawa kwa bomu la barua mjini Maputo mwaka 1982. Hao nao waliishi kwa michango, ya London na Stockholm na Moscow, na wao pia waliulizwa fedha inatoka kwa nani. Hapana harakati iliyopona swali hilo.

Mnamo Oktoba 1973, baada ya vita vya mwezi huo, Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli pamoja na nchi nyingi za Afrika, na haukurejeshwa mpaka mwaka 1995. Wataalamu walifunga masanduku. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa nchi iliyoikaribisha Kamati ya Ukombozi ya Afrika. Na hasara yake kwetu ilikuwa ndogo kwa sababu ya kusikitisha, kwamba kile ambacho kingetufaa kuliko vyote, yaani tabia ya mwanachama kulipa na kuhoji, hatukuwa tumekichukua.

Na hata hapo hatukuhitaji kukichukua kwa mtu. Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955, nauli yake ilikuwa mchango wa wana-TANU, John Rupia akiwa miongoni mwa waliotoa kwa mkono mkunjufu. Dossa Aziz alitoa gari lake. Na Bibi Titi Mohamed alipita katika vyama vya ngoma vya wanawake wa Kariakoo na Ilala, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, sare, ada na daftari, akawageuza waimbaji kuwa wanachama wa TANU kwa maelfu. Wanawake wale walikuwa na kila alichokuwa nacho fundi wa tawi namba 22 ila cherehani ya umeme. Chama kilichodai uhuru kililipiwa na waliotaka uhuru. Na kilipokuja kupata ruzuku, majengo na magari, hakikupata tena wanawake wa namna ile.

Kwa hiyo sioni aibu katika kuomba nje. Dubinsky aliomba, Golda aliomba, Mboya aliomba. Aibu ni kuomba nje kabla ya kuomba ndani, na kuchukua bila kuuliza ni ya nani. Huku Madale kuna vikoba ambavyo akina mama wake hawakosi hesabu hata ya shilingi mia mbili, na kuna kamati za barabara, za maji na za ulinzi ambazo zikipata nguvu huanza papo hapo kutafuta shirika la kuziandikia. Kikao chetu kitakapokaa tena, nitapendekeza kwamba barua ya namna hiyo isiandikwe mpaka kila kaya iwe imelipa ada yake, hata ikiwa ndogo, na daftari la mweka hazina limebandikwa katika ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa kwa kila apitaye kulisoma. Kisha ndugu zetu walioko Muscat, London na Washington waombwe kwa kiwango na masharti yale yale tuliyojiwekea, wapewe na wao nakala ya hesabu na haki ya kupinga. Natambua wako watakaosema kwamba watu wa mtaani hawana fedha, na pengine ni wale wale waliokuwa kamati ya harusi mwezi uliopita. Watapewa nafasi ya kusema hivyo kikaoni, wakishalipa.